Pilipili ya Ndafu wa Devotha

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika, mimi nimedhalilishwa.

Kikao cha kamati kimefanyika nyumbani kwa mama, mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini. Nimetoka Makambako alfajiri, baridi inang'ata masikio, shati nimelipiga pasi mpaka kola. Ajenda: sherehe ya kumuaga mdogo wangu Devotha, Jumamosi ya tarehe 26. Anaolewa na Timoth, kijana wa Mawengi kule Ludewa. Mrefu, mpole, mwalimu wa hesabu. Sina neno naye. Turubai likapita. Viti vikapita. Mshereheshaji akapita. Ikafika zamu ya ndafu.

Ndafu ndiye sherehe yenyewe! Mbuzi mzima, amechomwa akaiva, majani mdomoni, anaingizwa kwa nyimbo na vigelegele, kisha bibi harusi anamkata na kuwalisha wakwe. Gauni watu watalisahau. Ndafu hawamsahau. Na mimi ni nani? Mchoma nyama! Nina jiko langu Makambako, kando ya barabara kuu. Baba hayupo tena duniani. Kaka mkubwa ni mimi. Nikajiweka vizuri kwenye kiti, nikasubiri kutajwa.

Baba mdogo Yoeli, mwenyekiti, akasoma: ndafu atachomwa na Mansoor.

Mansoor! Jiko lake na langu yanatazamana, barabara tu katikati! Nikauliza kwa upole kwa nini iwe hivyo (mama anasema nilipiga meza). Baba mdogo akaeleza kwamba wageni Waislamu watakuwa wengi, wale marafiki wa marehemu baba wa enzi zake za kuendesha malori, kwa hiyo mbuzi achinjwe na Mwislamu ili wote wale bila wasiwasi. Nikasema kuchinja sawa, achinje yeye. Kuchoma je? Baba mdogo akatamka neno moja tu: kipaimara.

Ukoo huu hausahau. Kweli, kwenye kipaimara cha mwanawe niliwapaka kuku pilipili kichaa, na kweli baba mdogo alikunywa maji ya chombo cha maua. Lakini maua yenyewe yalikuwa ya asubuhi ile ile. Maji yalikuwa bado safi.

Devotha peke yake akanitetea. Akasema kaka apewe nafasi. Yeye ni muuguzi kule Ilembula, amezoea kuwahurumia watu. Baba mdogo akalegea: Jumapili ya tarehe 20 mimi na Mansoor kila mmoja achome kuku wake, kamati ionje. Atakayeshinda, ndafu ni wake.

Alipokuwa mdogo nilikuwa namchomea mahindi, nayapaka limau na pilipili. Machozi yanamtoka, na mkono ananyoosha aongezewe. Leo ndafu wake achomwe na mtu wa upande wa pili wa barabara? Roho imeniuma njia nzima mpaka Makambako.

Jumanne, 8 Julai

Nimetafakari kisayansi. Nyama Mansoor hanizidi, tunanunua bucha moja. Mkaa hanizidi, wote tunatumia wa miti ya miwati. Ananizidi kopo! Lile kopo la maziwa ya unga lenye viungo anavyotengeneza mkewe, Rehana. Ndani yake kuna unga mwekundu. Anaupaka kwenye nyama, anaiacha nyama itulie, ndipo anaipeleka motoni.

Basi siri ni wekundu. Rahisi!

Nimenunua dukani unga wa pilipili mwekundu kuliko wote. Nikaupaka bila ubahili. Mishkaki ikawa myekundu hadi wenye magari wakapunguza mwendo. Ushindi! Utingo mmoja akashuka, akala, akatafuna taratibu, akauliza kama leo pilipili imeadimika. Nikaonja. Rangi tupu! Inapendeza machoni, mdomoni haisemi kitu. Mama mmoja mwenye mzigo wa vitunguu akaniuliza kama hiyo rangi inatoka ikifuliwa.

Ng'ambo, Mansoor akanipungia mkono. Nami nikampungia. Adui unampungia, asishtuke.

Uamuzi: natengeneza unga wangu mwenyewe. Nimenunua sokoni pilipili mbichi za aina tatu. Ndefu nyekundu kwa ajili ya rangi. Pilipili mbuzi kwa ajili ya harufu. Na kichaa kwa ajili ya kipaimara. Waone sasa.

Alhamisi, 10 Julai

Kukausha pilipili ni kazi ya laana.

Jana nilizianika hapa Makambako juu ya bati. Upepo ukaja. Mji huu una upepo wa kuhamisha watu, nilisahauje? Pilipili kichaa zikaruka zikaingia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Jirani amevaa shati bila kukagua. Hatusalimiani.

Zilizobaki nimezipeleka Njombe kwa mama. Njombe hakuna upepo. Kuna ukungu! Nimezitandaza uani, nikakaa na kusubiri jua. Saa nne ukungu. Saa saba ukungu. Saa tisa jua likachungulia, likaona kulivyo, likarudi. Nikigusa pilipili, mbichi kuliko nilivyozinunua. Mama akasema mwezi wa saba hapa hata shuka haikauki, sembuse pilipili. Nikamwambia hayo mambo ya kitaalamu aniachie mimi. Nimeziacha uani, nimerudi kazini.

Jumanne, 15 Julai

Msiba!

Nimekwenda Njombe kuchukua pilipili. Uani hazipo. Mama ameziingiza jikoni bila kuniuliza, akazitandaza juu ya kichanja, kile cha juu ya mafiga anapokaushia mahindi ya mbegu. Siku zote hizo amepika chini yake kwa kuni! Nimezikuta zimekunjamana, nyekundu imekuwa ya kahawia, zinanuka moshi kuanzia kikonyo mpaka mbegu. Nikamuuliza mama amefanya nini. Akaniuliza kama zimekauka au hazijakauka. Zimekauka. Akaniuliza basi nataka nini tena.

Mzazi hagombezwi. Nikazibeba kwenda mashineni zikasagwe. Nikamwambia mwenye mashine ni viungo, na ni kweli. Alipoziona tayari zilikuwa zinazunguka. Akapiga chafya zisizohesabika. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya akina mama na mahindi yao. Nikachukua unga wangu nikaondoka kwa hatua ndefu.

Jioni mama amepiga simu. Mtaa mzima ugali unawasha. Watoto wanakunywa maji, wazee wanasifu, wengine wanaulizana mbegu hiyo mpya ya mahindi inapatikana duka gani. Mama amesema hajanitaja, lakini nisipite mashineni kwa muda.

Na unga wenyewe? Nimefungua nikanusa. Jikoni kwa mama kabisa! Harufu ya kuni, ya masizi, ya kukoka moto asubuhi ukiwa umejifunga blanketi. Mteja gani anataka nyama inayonuka jikoni kwa mama? Mteja anataka harufu ya hoteli. Haufai. Sikutaka hata kuuonja.

Nilikuwa nautupa. Nikasimama. Nikacheka peke yangu mpaka mbwa wa jirani akabweka. Kwa nini niutupe, wakati ng'ambo ya barabara kuna kopo?

Jumatano, 16 Julai

Nimefanya!

Tena kwa wepesi ulionitia aibu kidogo. Kila alasiri Mansoor anakwenda kuswali. Na kila alasiri, kabla hajaondoka, ananiita: Remmy, nitazamie jiko. Hata leo ameniita hivyo hivyo. Kanikabidhi koleo mkononi! Nikalitazama jiko. Nikalitazama na kopo. Unga wa Rehana nikaumimina kwenye mfuko wangu, wangu wenye moshi nikaumimina kwenye kopo lake, nikafunika, nikageuza na mishkaki yake isiungue. Mimi si mtu mbaya.

Aliporudi akanishukuru, akanipa mshikaki. Nikaula nikiangalia pembeni.

Kesho wateja wake watavuka barabara wote. Nimeongeza mkaa.

Alhamisi, 17 Julai

Sielewi.

Kwa Mansoor leo kumejaa kuanzia mchana. Dereva wa basi la Songea amezima gari akashuka, abiria nyuma yake. Kwangu, na unga wa Rehana nimeupaka wote, amekuja mtu mmoja, kuuliza choo kiko wapi.

Nikavumilia hadi saa kumi. Nikavaa koti la baridi, nikafunika kichwa, nikavuka na kujipanga foleni. Mansoor akanisalimia kwa jina. Nikanunua. Nikajificha nyuma ya lori. Nikauma.

Lo! Jamani! Kwanza chumvi, halafu nyama yenyewe, halafu ukali unakuja polepole bila kukushtua, na nyuma yake kuna kitu sina jina lake. Kitu cha joto. Nikawa mtoto. Nikajiona na mama na Devotha tumekaa kwenye vigoda, nje ukungu, ndani moto. Machozi yakanitoka, na si ya pilipili. Nikarudi kwenye foleni nikanunua tena.

Sasa ni wazi: unga wangu mbovu aliugundua akaumwaga, na Rehana amempa kitu kipya. Kitu cha hatari. Labda cha Zanzibar. Labda cha Komoro! Lazima nikijue kabla ya Jumapili.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemfuata Rehana sokoni. Kwa siri kubwa. Nilijifanya nachagua viazi, nikajikuta nimenunua gunia.

Rehana alinunua binzari nyembamba, pilipili manga, vitunguu saumu, chumvi. Vitu vya kila nyumba! Hakuna Zanzibar, hakuna Komoro. Mwishoni akageuka, akanisalimia, akaniuliza viazi vyote hivyo ni vya nini. Nikasema napenda viazi. Akacheka, akasema Mansoor ananitazama siku hizi anaona kama nina jambo moyoni, nikiwa tayari niende tukaongee, chai ipo. Chai! Wanataka kunichunguza hawa. Nikakataa kistaarabu, nikaondoka na gunia langu begani.

Mbinu ya Jumapili: rangi ya dukani kwa ajili ya macho, na juu yake pilipili kichaa nyingi kwa ajili ya heshima. Wakishindwa kuongea, hawataweza kumsifu Mansoor.

Jumapili, 20 Julai

Naandika masikio yakiwa bado ya moto, na si kwa pilipili.

Tumechoma uani kwa mama, baada ya misa. Kuku wangu aling'aa. Wa Mansoor alikuwa wa kahawia tu, wa kawaida kabisa, unampita barabarani. Kamati ikaanza na wangu kwa sababu ya rangi. Baba mdogo Yoeli akauma, akasimama, akakaa, akasimama tena. Safari hii mama alikuwa ameondoa maua mezani mapema. Kuna mjumbe ameingia jikoni akakutwa anakula sukari kwa kijiko.

Kisha wa Mansoor. Watu wakalamba vidole. Mama akatafuna, akafumba macho, akatafuna tena. Akaweka paja kwenye sahani.

"Hii ni pilipili ya kichanjani kwangu," akasema.

Ndipo nikaelewa. Mungu wangu! Ile ladha! Mama, vigoda, moto! Nilikula unga wangu mwenyewe nyuma ya lori nikaulilia!

Mansoor hakushtuka. Akaeleza taratibu kwamba Jumatano alitoka kuswali, akafungua kopo, harufu si yake. Alitaka kuumwaga. Rehana akaonja akamwambia auache, aliyewapa hiki amewapa zawadi, wamsubiri mwenyewe aje aseme. Wamesubiri. Wakaniita hata kwenye chai. Akanigeukia.

"Remmy, ungenipa mkononi ningekushukuru mbele za watu."

Uani kote watu wakanitazama. Mimi nikamtazama kuku. Nimepata aibu nyingi maishani, ila hii ilitambaa kuanzia visigino. Mtu ananikabidhi koleo lake kila siku! Nikataka kuomba radhi, na nilishafungua mdomo.

Hapo hapo wazo likaingia. Kama kuku wa Mansoor ameshinda kwa unga wangu, aliyeshinda ni nani? Nikasimama nikadai ndafu wangu. Kamati ikachafuka. Wengine wakasema nina hoja, wengine wakasema nifukuzwe. Baba mdogo, machozi bado yanamtiririka kwa kuku wangu, akaamua: pilipili imekaushwa na mama, kwa hiyo mshindi ni mama. Devotha akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Mama, kwa ushindi wake, akaamuru hivi: mchomaji ni Mansoor, mimi nipepee moto. Kupepea! Nikakubali kwa heshima, yaani nilinuna mpaka soda ilipoletwa. Kabla ya kuondoka nikamfuata Mansoor nikamwambia samahani. Nilisema kwa sauti ndogo lakini nilisema. Akanipiga bega akasema yamekwisha, nije nijifunze.

Jumatano, 23 Julai

Nimekunywa ile chai. Chapati pia. Rehana amenifundisha, Mansoor anaitikia.

Kumbe kila pilipili ina kazi yake. Ile ya moshi inatangulia, inachanganywa na chumvi, vitunguu saumu na mafuta, nyama inapakwa na kulala nayo usiku kucha. Ile nyekundu ya dukani niliyoitukana si mbaya. Inakuja mwishoni, nyama ikikaribia kuiva, kwa ajili ya sura, kwa sababu ikitangulia inaungua na kuwa chungu. Pilipili mbuzi kidogo tu, kwa harufu. Kichaa haipakwi kabisa. Inakaa kwenye kisahani na limau, anayeitaka ajichovye mwenyewe kwa hiari yake. Hapo Rehana alinitazama.

Na kanuni moja kubwa: unga wa pilipili usimwagike kwenye makaa. Nyama ndiyo inapakwa, moto haupakwi. Mansoor akairudia mara mbili. Nikamwambia nimeelewa. Kitu gani kigumu hapo?

Jumapili, 27 Julai

Devotha ameagwa. Niandike yote kabla sijalala, kwa sababu kuna watu wataandika yao.

Ijumaa Mansoor alichinja, tukapaka, mbuzi akalala na viungo vyake. Jana tukaanza moto asubuhi, nyuma ya nyumba, turubai likiwa upande wa mbele. Sherehe tuliiweka mchana kwa sababu ya baridi. Nikapepea. Nikapepea vizuri, naomba hilo lijulikane. Mchana ndafu alikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona hata kwa watu wa hoteli, na harufu ya jikoni kwa mama imetanda mtaa mzima.

Ila mbele mambo hayakwenda. Wageni kutoka Mawengi walifika wengi, wamevaa vizuri, wakakaa. Watu wetu wakakaa. Baridi na ukimya. Mshereheshaji anatania, hakuna anayecheka. Nikachungulia, nikamsikia shangazi wa Timoth akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu binti anaagwa na watu wakavu hivi, mbona hakuna hata anayetokwa na chozi, kwani hawampendi? Ikaniuma! Sisi Wabena hatulii ovyo mbele za watu, lakini kumpenda tunampenda. Baba mdogo Yoeli akasimama kutoa nasaha akiwa amekauka kama kuni, akaanza kusoma karatasi ndefu kuhusu heshima na uvumilivu. Devotha ameinamisha kichwa. Ilikuwa mbaya.

Alasiri ikafika. Mansoor akafuta mikono. Akaniangalia. Akanikabidhi koleo.

"Remmy, nitazamie jiko."

Akaenda kuswali na wale wazee wa malori. Baada ya yote yale! Nikasimama wima kwenye jiko lile nikaapa kwamba leo mtu huyu atarudi akute nimefanya jambo la kumfurahisha.

Nikafikiri. Kama moshi ulioingia kwenye pilipili umefanya maajabu, je, pilipili ikiingia kwenye moshi? Si itakuwa maajabu mara mbili? Hakuna aliyewahi kulifikiria! Kanuni ya Rehana niliikumbuka, tena vizuri, lakini ilihusu unga kumwagika. Huu wangu haukumwagika. Niliutupa kwa kukusudia.

Konzi moja. Kichaa tupu, ule unga uliobaki kwa kuku wangu. Katikati ya makaa.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha moshi ukanyanyuka, mweupe, mnene. Njombe haina upepo, nimesema hivyo mwenyewe kwenye shajara hii. Jana ulikuwepo! Ukauchukua moshi wote, ukauzungusha nyumba, ukauingiza ndani ya turubai.

Kikohozi kimoja. Viwili. Kisha kilio. Nikakimbia hadi kona ya nyumba nikachungulia kwa jicho moja, la pili lilikuwa limefunga. Baba mdogo Yoeli alikuwa katikati ya neno uvumilivu. Sauti ikakatika, machozi yakamwagika, karatasi ikamtoka mkononi. Mama akajifunika khanga mabega yakitikisika. Kamati nzima inalia! Akina mama wa kwaya wanalia! Mshereheshaji akapokonya kipaza sauti, akasema kwa kwikwi kwamba katika kazi yake hajawahi kuona familia inayompenda binti yao namna hii.

Mawengi wakashindwa kuvumilia. Shangazi mtu akaangua kilio, akamkimbilia mama, wakakumbatiana. Baba yake Timoth, mzee mzito, akasimama huku machozi yanateleza kwenye masharubu. Akamshika baba mdogo mkono, akasema binti huyu ataishi kwake kama aliyezaliwa kwake, na asipotimiza hilo waje wamchukue yeye. Timoth naye analia, mwalimu mzima wa hesabu. Mtu akaanzisha wimbo. Kwaya ikadakia katikati ya kikohozi. Vigelegele! Wakacheza wote, wenyeji na wageni, pua zinatiririka, na baridi ikasahaulika kabisa. Ndafu alipoingizwa kwa nyimbo, hakubaki mtu kwenye kiti.

Mansoor alirudi akanikuta nimeshika koleo na macho mekundu. Akanusa. Akapiga chafya. Akatazama makaa, akatazama turubai. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia wanamuaga dada. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akacheka kimya kimya mpaka kofia ikadondoka.

Devotha ndiye aliyenimaliza. Baada ya kuwalisha wakwe alizunguka nyuma ya nyumba na gauni lake lote, amelishika lisiguse majivu, mkononi ana kipande cha nyama alichokichovya kwenye kisahani cha kichaa. Akakitia mdomoni mbele yangu. Akatafuna. Machozi yakamtoka, wanja ukachirizika. Akanyoosha mkono.

"Kaka, niongezee. Ni kama yale mahindi."

Nikamkatia. Nikamkatia tena. Nilikuwa sioni ninachokata, na moshi ulikuwa umeshaisha zamani. Namshukuru Mungu kwa siku ya jana. Nimesimama kwenye ndafu wa mdogo wangu.

Jumatatu, 28 Julai

Makambako. Upepo, kazi, maisha.

Asubuhi baba mdogo Yoeli amepiga simu. Sauti haijarudi vizuri. Anasema watu wa Mawengi wameomba kwenye harusi yenyewe, mwezi ujao, mchoma ndafu awe yule yule wa Njombe. Nikamwambia nimekubali. Akasema wamemaanisha Mansoor. Nikamwambia hiyo ni lugha tu.

Nimeketi nikajiuliza nimejifunza nini katika haya yote, maana mtu mzima lazima ajiulize. Nimepata jibu. Konzi moja haikutosha. Upande wa kushoto wa turubai, viti vya nyuma, kulikuwa na watu hawakulia kabisa, niliwaona. Harusini nitatumia konzi mbili, na nitachanganya na pilipili mbuzi kwa ajili ya harufu. Halafu kuna familia nyingi hapa mjini zenye mabinti wa kuaga na macho makavu. Nani anazihudumia? Hakuna! Nimeanza kufikiria jina la huduma.

Shida ni unga. Wa kichaa umekwisha, na mama amenikataza kukaribia kichanja. Uliobaki, ule wa moshi wenye kichaa ndani yake, wote uko kwenye kopo la Mansoor.

Nikamwona mchana akilipiga kopo kufuli. Kufuli! Nilivunjika moyo kwa muda. Alasiri ilipofika, akafuta mikono, akavuka barabara, akaniomba nimtazamie jiko. Na kwa kuwa huwa anapoteza vitu msikitini akivua koti, ameniachia mimi ufunguo.